Mashua ya Fito, Korbesa

2 Oktoba

Daftari hili nimelinunua dukani kwa Mureithi. La zahanati ni la serikali, na haya ninayotaka kuandika serikali haitayapenda. Mimi ni Karwitha, nesi, na katika zahanati hii ya Korbesa niko peke yangu mwaka wa nne sasa. Kwetu ni Meru, kwenye baridi na migomba. Hapa ni mchanga, miiba, mbuzi, na Mto Ewaso Nyiro, ambao leo unavukika bila kulowesha goti.

Mvua za vuli zimekaribia. Kila mtu anaziombea isipokuwa mimi.

3 Oktoba

Joto. Watoto kumi na mmoja, wote kuhara.

5 Oktoba

Qabale amekuja kliniki kutoka ng'ambo. Mimba imefika miezi minane. Nilimwambia ahamie upande huu kabla mto haujajaa. Akaniuliza mbuzi atamwachia nani, na watoto wawili wa marehemu dada yake je? Mumewe amepeleka ng'ombe malisho ya mbali.

"Qabale, unajua yaliyompata dada yako Dokata."

"Najua. Mimi ndiye niliyemshika kichwa." Akajifunga shuka vizuri, akasimama. "Daktari, mwaka huu utapiga kelele tena?"

Akaondoka. Nimeshinda nikiwafokea wagonjwa wasio na kosa.

Basi niandike, nimalizane nayo. Mwezi wa tano mto ulikuwa umejaa pomoni. Dokata alijifungua salama huko ng'ambo, kisha damu ikaanza kumwagika. Wakambeba mpaka ukingoni, wakamlaza mahali ninapoweza kumwona. Sindano ya kukaza mji wa mimba nilikuwa nayo mkononi. Dakika moja tu ya kuichoma. Katikati yetu kulikuwa na maji. Nilipiga kelele: "Mkandeni tumbo! Chini ya kitovu, kwa nguvu!" Mto ulinguruma. Wanawake wale waliweka mikono masikioni, wakatikisa vichwa: hatusikii.

Lochoro, mlinzi wetu, alikuwa na chelezo cha mapipa ambacho huvushia watu maji yakiwa machache. Nilimwomba avuke amlete. Akakataa. Nikampigia magoti pale kwenye tope. Akakataa, macho chini. Dokata alikufa namwona.

Tangu siku hiyo sijamwamkia Lochoro. Asubuhi anafungua lango, napita. Jioni analifunga, napita.

9 Oktoba

Niko Isiolo mjini kwa mkutano. Nimelala kwa rafiki yangu, mtaa wa Kiwanjani, na hasira hainipi usingizi.

Mashua ya kuokoa watu ipo! Ilinunuliwa baada ya kifo cha Dokata, na picha tukaoneshwa kwenye simu. Leo nimeikuta nyuma ya ofisi moja hapa mjini, juu ya trela lenye magurudumu yasiyo na upepo. Injini bado imefungwa nailoni. Askari wa lango ameanika suruali zake ubavuni, na ndani kuku ametaga mayai manne. Nimeyahesabu.

Nikapanda ngazi hadi kwa Bwana Hezekiah, ofisa anayehusika. Ni mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Sista, ile mashua haijazinduliwa."

"Mto utajaa mwezi ujao."

"Naelewa kabisa. Lakini mgeni wa heshima hajatupa tarehe. Haiwezi kutumika kabla ya kuzinduliwa. Ngojeni kidogo."

Nilimuuliza kama mayai nayo yanangoja mgeni wa heshima. Hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi.

11 Oktoba

Nimerudi Korbesa. Nilikuwa nalalamika kwa sauti kule jikoni, peke yangu, nikiwa nimempa mlango mgongo. Lochoro akaongea kutoka nje.

"Sista, hiyo ya injini hata ikikuja, itavunjika. Hii mto ikijaa inabeba miti mizima. Mimi najua kutengeneza ya kubeba kichwani."

Sikugeuka. Akaendelea hivyo hivyo, akiongea na mgongo wangu. Alipokuwa kijana, kabla ya serikali kupiga marufuku uwindaji, kulikuwa na matajiri waliokuwa wakienda kwenye bwawa moja chini ya mlima kupiga bata maji kwa bunduki. Yeye Lochoro alikuwa mtu wao wa mashua. Anawapeleka polepole kwenye matete, wanapiga, anaokota bata walioanguka. Mashua yenyewe ilikuwa mifupa ya fito nyembamba iliyovishwa turubai kama ngoma. Kila mwaka yeye ndiye aliyeivua, akabadilisha mbavu zilizooza, akaivisha tena. "Nikifunga macho naiona yote," akasema.

Sikumjibu. Mtu aliyeogopa na mapipa, atavuka na fito?

13 Oktoba

Nimemjibu. Neno moja: "Tengeneza."

16 Oktoba

Lochoro amechora umbo la mashua mchangani nyuma ya zahanati, hatua sita kwa urefu, kifua cha mtu kwa upana. Kukata fito alijua, kuzikunja hakujua. Zile za mashua ya bata zilikuja zimeshakunjwa kutoka Nairobi. Alivunja tisa. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kliniki wakaanza kucheka. Mmoja, akiwa na mtoto mgongoni, akamnyang'anya ufito.

Fito ni za haroresa, zile Waborana hukunjia nyumba zao, na kukunja nyumba ni kazi ya wanawake. Walizilowesha, wakazipitisha juu ya moto, wakazikunja gotini taratibu kana kwamba wanambembeleza mtu. Hakuna hata moja iliyovunjika.

"Lochoro anajenga nyumba kichwa chini," walisema. Nilikaribia kucheka. Nikamwona naye anacheka, nikaacha.

17 Oktoba

Mbavu kumi na nne. Hakuna msumari hata mmoja. Msumari unapasua ufito. Kila fundo limefungwa kwa vipande vya tyubu ya gari.

20 Oktoba

Mifupa imekamilika. Nimeinyanyua kwa mkono mmoja! Ukiikanyaga inajikunja, ukitoa mguu inarudi.

Turubai ndilo lililonikasirisha. Mureithi ana duka na lori, na turubai la zamani limekunjwa stoo. Nilimwomba.

"Sista, turubai ndiyo paa ya mali yangu. La zamani likitoka, jipya likipasuka nitafunika unga na nini? Na kanzu yako nyeupe?"

Miaka minne nimewatibu watoto wake. Nikamwambia siku akiugua aende atibiwe na turubai.

Lochoro anasema ngozi za ng'ombe zitafaa. Tumepata mbili.

23 Oktoba

Tumeshona ngozi, tumezipaka mafuta ya kondoo. Zahanati yote inanuka. Lakini imevishwa, na ukiigonga inalia kama ngoma, kama alivyosema.

24 Oktoba

Fisi wameila.

Wamekula chini yote, kutoka mbele hadi nyuma, wakatafuna na mbavu tatu. Lochoro alikuwa zamu. Alisema alisikia, akadhani ni mbwa. Nilimwita majina ambayo mama yangu angenipiga kofi kwa kuyatamka. Alisimama tu, kofia mkononi.

25 Oktoba

Rahab, mke wa Mureithi, amekuja zahanati na mzigo mkubwa kichwani. Akautupa chini, vumbi likatimka. Turubai. Limekatwa kwa mkasi.

"Nimeshakata, hakuna kurudisha. Akirudi kutoka Isiolo atanipigia kelele mimi, si wewe."

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuwa hapo mtoni mwezi wa tano. Na mimi nilikuwa natazama." Akaondoka hata kabla sijamshukuru.

28 Oktoba

Mureithi amerudi. Alikuja akitembea kwa kishindo, nami nilikuwa tayari kwa vita, nilivitamani. Alitazama turubai lake limetandazwa juu ya mbavu, Lochoro akilishona kwa sindano ya magunia. Alivuta pumzi. Kisha akasema, "Huu mshono utavuja."

Akachuchumaa, akaufumua wote. Alikunja kingo mara mbili, moja ndani ya nyingine, akashona upya kwa uzi aliousugua nta, kama wanavyofanya kwa lori. Alishona mpaka saa kumi. Kesho ataleta rangi ya mafuta, ile ya buluu iliyobaki walipopaka mlango wa duka.

Nimemchukia mtu huyu siku nane. Sasa sijui nifanye nini na ile chuki.

31 Oktoba

Rangi mara tatu. Lochoro alikuwa akichonga kasia, nami nikatoa lile neno nililolibeba tangu mwezi wa tano.

"Ukiwa na hii utavuka, au utatazama chini tena?"

Aliweka panga chini.

"Sista, siku ile chelezo kilikuwa hapo. Mimi nilikuwa hapo. Na wewe ulikuwa hapo. Mikono yako ina vidole kama yangu. Nani alikushika usipande?"

"Mimi ni nesi, si mvushaji!"

"Ulipiga magoti ili nikufe mimi."

Nilimwambia aondoke mbele yangu. Akaokota panga, akaendelea kuchonga pale pale. Ni mimi niliyeondoka.

1 Novemba

Sijamsemesha.

2 Novemba

Sijamsemesha. Mawingu upande wa kwetu, meusi.

4 Novemba

Mvua imenyesha milimani. Hapa ni vumbi tupu, hakuna tone, lakini mto umeamka na rangi ya chai ya maziwa. Maji yetu ya kuua huja kutoka kwa watu wengine.

Tumeijaribu kwenye kidimbwi chini ya malka, yaani kivukoni. Lochoro alipiga magoti mbele, mimi nyuma na kasia la pili. Sikumwomba ruhusa, wala yeye hakuniuliza. Mashua ni nyepesi mno; ukipiga chafya inageuka. Nilianguka mara mbili. Watoto wote wa Korbesa walikuwa ukingoni, na hawajawahi kufurahi hivyo tangu Idd.

7 Novemba

Maji yamefika kiunoni. Nimevuka kwa miguu na watu wawili kumfuata Qabale. Nikamkuta anakama mbuzi, tumbo limeshuka. Nilimwambia leo ndiyo siku ya mwisho. Nilimwambia ni mkaidi, anataka kufa kama dada yake na kuacha mayatima wengine.

Aliendelea kukama. Kisha akasema, bila hasira: "Daktari, kaa hapa wewe. Chunga mbuzi, pikia hawa watoto wawili, na mtu akija kuiba usiku umfukuze. Mimi niende nikalale kitandani kwako."

Nimerudi nikiwa na hasira naye, na njiani hasira ikakosa mahali pa kukaa. Kazi zote hizo anazifanya na mimba ya miezi tisa.

9 Novemba

Mvua.

10 Novemba

Mvua. Mto umefungwa.

12 Novemba

Nilimpigia simu Bwana Hezekiah. Mgeni wa heshima yuko nje ya nchi.

14 Novemba

Nimekaa na taa, nguo bado zina tope. Nataka kuandika yote ilivyokuwa kabla watu hawajaanza kuipamba.

Saa tatu asubuhi niliwaona wanawake ng'ambo wakipunga shuka nyekundu. Tulikuwa tumeafikiana hivyo: nyeupe, mtoto amezaliwa salama, nyekundu, damu. Nilikuwa namchoma mtoto sindano. Nikaimaliza, nikamkabidhi mama yake, kisha nikakimbia. Nilichukua dawa kwenye friji, nikaziweka kwenye kijisanduku cha barafu, nikajifunga nacho tumboni kwa leso, pamoja na chupa ya maji ya mshipa.

Nje, Lochoro alikuwa ameshaibeba mashua kichwani. Alikuwa akielekea upande wa juu wa mto, mbio mbio, miguu miwili chini ya kitu kirefu cha buluu.

Tuliingilia juu kabisa, mahali mto unapopinda, ili maji yatushushe huku tukikata kwenda ng'ambo. Mureithi alishika mashua tulipokuwa tunapanda. Aliniambia, "Sista, piga magoti, usikae." Akaiachilia.

Sikujua kelele ya mto ukiwa ndani yake. Ukingoni inanguruma; ndani inakuwa kama mtu anayesaga meno sikioni mwako. Nilipiga kasia mara tatu nne, kisha mikono ikakataa. Ilikataa kabisa. Niliona maji ya kahawia yamesimama kama ukuta, nikaona mzizi mweusi nikadhani ni mamba, na nikaganda. Lochoro alipiga kelele bila kugeuka: "Sista! Kushoto!" Sikuweza. Alipiga kasia peke yake, kushoto, kulia, kushoto, mishipa ya shingo imesimama.

Ndipo gogo likatugonga ubavuni. Nilisikia mbavu zikilia, nikasema basi. Ubavu ukabonyea ndani mpaka ukagusa paja langu. Kisha ukarudi. Mbao zingepasuka, fito zilijikunja, zikanyooka, gogo likapita. Ile haroresa iliyokunjwa gotini na wanawake! Sijui kwa nini, lakini hapo mikono yangu ikarudi. Nikapiga kushoto. Maji yalianza kuingia mbele, kidogo kidogo, nami nikawa napiga kasia na kuyachota kwa sahani ya chuma ya zahanati, napiga na kuchota, hadi mikono ya wanawake ikatukamata nywele, nguo, mashua, chochote.

Qabale alikuwa chini ya mgunga, uso umekuwa wa majivu. Mtoto ameshazaliwa, msichana, analia kwenye mikono ya jirani. Shuka zote chini yake zimelowa. Nilichoma sindano pajani. Nikaweka mikono chini ya kitovu, nikakanda, kwa nguvu, kama nilivyokuwa nimepiga kelele siku ile, lakini sasa ni mikono yangu. Nikamwekea maji ya mshipa. Mtoto wa kwanza wa Dokata alishikilia chupa juu bila kuambiwa. Qabale aliniangalia tu. Hakulia. Sijui ilichukua muda gani. Mji wa mimba ukakaza chini ya kiganja changu, ukawa mgumu kama mpira, na damu ikapungua, ikapungua, ikakoma.

Akaomba chai.

Nilimkuta Lochoro nyuma ya kichaka. Alikuwa ametapika. Sasa alikuwa akihangaika na kamba ya kasia, fundo limemshinda. Nikaketi kando yake, nikaifungua mimi.

"Uliogopa?"

"Sana."

"Mbona mwezi wa tano hukuniambia unaogopa?"

"Nilikuambia, sista. Ulikuwa unalia, hukusikia. Nilikuambia ile mapipa itapinduka tu, tutakufa wawili, mimi na Dokata."

Sikumbuki akisema hivyo. Lakini sikumbuki kusikia kitu chochote siku ile isipokuwa sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa nimemtwika mtu huyu kifo cha Dokata miezi sita kwa sababu bila yeye kingenibaki mimi, na mimi sikukitaka. Leo katikati ya mto niliganda kama jiwe. Kuganda kwangu nako nikuite nini, uoga?

"Lochoro, nisamehe," nilisema.

Akajipangusa mdomo. "Turudi kabla maji haijapanda," akasema.

15 Novemba

Mwili wote unauma. Qabale yuko sawa. Shuka nyeupe.

23 Novemba

Bwana Hezekiah amefika na gari la serikali, dereva, na barua. Picha ya mashua yetu imezunguka kwenye simu za watu. Barua inasema chombo kisicho na kibali kimetumika kuvusha umma, kwa hiyo kitachukuliwa kihifadhiwe.

"Mtu akizama, Sista, nani atajibu?"

"Na yule aliyekufa bila kuzama, nani alijibu?"

Watu walikuwa wamejaa uani. Alishusha sauti. "Mimi naambiwa tu. Unafikiri ni mimi niliyetaka ile mashua ikae na kuku?" Alikuwa na tope mpaka kwenye soksi na macho ya mtu asiyelala. Kwa sekunde moja nilimhurumia. Kisha nikamkumbuka Dokata, ikapita.

"Iko wapi?" akauliza.

Nilimwonesha. Ilikuwa ng'ambo, Lochoro alikokuwa ameivusha alfajiri, imepinduliwa chini ya mgunga, buluu yake inaonekana wazi. Wanawake wapatao thelathini walikuwa wameizunguka, baadhi wameikalia. Kati yake na barua kulikuwa na mto mzima.

Hezekiah alishuka mpaka ukingoni. Aliipiga picha. Dereva aligeuza kichwa ili asionekane akicheka. Wakaondoka.

3 Desemba

Lochoro anafundisha wanawake kupiga kasia. Wako wanane. Anawafokea kuliko nilivyowahi kumfokea yeye, nao wanamtukana kwa Kiborana na kumrushia maji.

11 Desemba

Barua ya uhamisho. Nitaripoti Kinna tarehe tatu Januari, "kwa mahitaji ya kazi." Nimeisoma mara tano nikitafuta aibu kati ya mistari.

Nililia kwa hasira, kisha nikaosha uso, kwa kuwa kulikuwa na foleni. Watamleta nani hapa? Hawajasema. Nimeandika barua mbili za kupinga na nakala moja kwa chama chetu cha wauguzi. Sitanyamaza. Lakini nitaenda, Kinna nako watu wanazaa.

12 Desemba

Rahab ameleta maandazi. Mureithi ametuma salamu, na mkebe wa rangi.

20 Desemba

Mvua tena.

27 Desemba

Mto bado uko juu, ingawa umetulia. Nilikuwa nje naanika mashuka nilipoona mashua imetoka ng'ambo ikiwa na watu wawili. Lochoro alikuwa hapa kwangu, anakunywa chai. Nikamtazama. Akainua mabega: si mimi.

Mbele alikuwa jirani, amefunga mtoto kifuani. Nyuma, amepiga magoti, kasia mkononi, alikuwa Qabale. Aliingilia chini kuliko tulivyomfundisha, na mkondo ukamgeuza mara moja akawa anatazama alikotoka. Nilisikia anavyolaani maji. Lochoro alisimama, chai ikamwagika, lakini hakupiga kelele. Qabale akapiga upande mmoja, mara nyingi, haraka haraka, mpaka pua ya mashua ikarudi kwetu. Wakagota mchangani.

"Wiki sita zimetimia," akasema. "Ulisema mtoto achomwe wiki sita."

Nilimchoma mtoto pajani, nikamtia na matone mdomoni. Akalia mpaka akakosa pumzi, kisha akapata titi, akanyamaza. Nikaandika tarehe kwenye kadi yake. Mama yake aliitazama kadi pande zote mbili, akaikunja, akaificha chini ya shuka.

"Ya pili ni lini?"

"Wiki nne."

"Mtu atakuwepo hapa?"

Nilimwambia kweli: sijui.

Qabale akamfunga mtoto, akaichukua mashua kutoka mchangani, akaiweka kichwani. "Kama hayupo," akasema, "tutamfuata aliko," na akaanza kupanda kando ya mto, kwenda mahali pa kuingilia.